Mama, Nilikuwa Nimefungua Chupa

Mama yangu uliyelala Mchombe,

Leo mwanafunzi wangu amenivuruga kichwa, na ukweli ni kwamba wewe ndiye uliyeanza.

Unakumbuka ulivyokuja Ifakara na mchele mpya, ukanifuata mpaka maabara? Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi wa mwaka wa pili namna ya kuhamisha seli za figo ya nyani kutoka chupa hii kwenda ile. Sheria ya chumba niliiweka mwenyewe: chupa ikiwa wazi, hakuna kugeuka wala kuamkia mtu, hata aingie nani. Maana watoto wetu hawa, mzee akitokea mlangoni tu, wanageuka na pipeti mkononi, "Shikamoo!" Kesho kutwa vijidudu vimeingia, chupa imechacha, maji mekundu yamegeuka manjano. Salamu zilitumalizia seli muhula mzima.

Basi ukasimama mlangoni. Nilikuona kwenye kioo cha kabati tunamofungulia chupa. Sikugeuka. Dakika tatu tu, nikajisemea. Nilipofunga chupa, ulishaondoka, mfuko wa mchele umeuacha chini. Mwezi haukuisha, tukakuzika.

Dada anasema ulifika nyumbani ukasema, "Leo sijaamkiwa na niliyemzaa," huku umeshika mbavu kwa kucheka. Kaka anaapa hukucheka hata kidogo. Nimewauliza mpaka wamenichoka.

Nami nakujua, mama. Tulipokuwa tunaamia ndege wasile mpunga, mtu akipita njiani uliacha kombeo ukamuuliza habari za watoto, za mbuzi, mpaka za jirani yake, na ndege wanakula. Nikilalamika, unanijibu, "Ndege akila, nitavuna kilichobaki. Mtu nisipomwitikia, nitavuna nini?"

Sasa sikia ya leo. Upendo, mwanafunzi mwenye mkono mtulivu kuliko wote, siku ya mtihani alimgeukia mama anayetusafishia maabara, chupa iko wazi, akamwamkia na goti akapiga. Leo nimeikagua ile chupa: imechacha. Nikamwita nimgombeze, mdomo ukatoa, "Umefanya vizuri." Halafu nikamwandikia sifuri, palepale, anaona.

"Madam, sasa nishike lipi?"

Nikatoka nje. Mtu mzima, nalia nyuma ya maabara kwa ajili ya figo ya nyani! Jamani.

Sifuri ile ni ya haki, mama. Seli zimekufa, na siku moja huyu binti atashika chupa inayosubiriwa na mgonjwa. Hilo nalijua. Lakini nikitaka kuiacha, nakuona wewe mlangoni. Nikitaka kuifuta, naona darasa zima likigeuka. Kesho matokeo yanabandikwa na sijui hata pa kuanzia.

Kama ulicheka, sifuri ya Upendo inabaki, nami nitapata usingizi. Kama hukucheka, siku ile nilikuwa nafundisha nini?

Nakuomba radhi, bila kujua kama nilikukosea.

Kitindamimba wako