Juu Makaa, Chini Uji

Jumatatu, 11 Machi

"Oveni haina kosa, mke wangu. Mkono ndio umepoa." Hayo kayasema Baba Watoto leo mezani, kijiko hewani, mbele ya mama yake! Uongo mtupu. Mkono huu umeoka miaka ishirini na miwili. Mkono haupoi kama chai. Hii ni keki ya tatu kuungua juu huku chini ikibaki uji. Mkono gani unaokosea upande mmoja tu? Isitoshe, msemaji mwenyewe hajawahi kuchemsha yai likaiva.

Mama mkwe kala tabaka la juu. Kasema nisijali, meno bado anayo. Nimejali.

Jumanne, 12 Machi

Nimejua. Ni umeme! Wanatuletea nusu. Koili ya juu inashiba, ya chini inalala njaa. Makala yangu ya Jumamosi nimeshaipeleka gazetini: "Umeme wa Kupimiwa kwa Kijiko". Mafundi wa shirika la umeme nimewaita wezi. Neno "labda" halimo hata mara moja. Mhariri kauliza, ushahidi upo, dada? Nikamwambia upo jikoni, umeungua juu.

Baba Watoto kateremka kwa jirani wa chini, karudi na kipande cha mkate. Umeiva pande zote. Laini yetu ni moja, anasema huku anatafuna. Shahidi mmoja hamalizi kesi. (Mkate mtamu, lakini.)

Alhamisi, 14 Machi

Nimeoka mkate. Yaleyale. Baba Watoto kaomba uma wa juu na kijiko cha chini. Simsemeshi.

Ijumaa, 15 Machi

Fundi wa oveni kaja saa tisa. Tunamwita Kimya — maneno yake huyatoa kama anang'olewa meno. Mita yake ya kupimia kwenye soketi: umeme tele. Mita kwenye koili ya chini: nzima. Nikamwambia huenda hiyo mita nayo imehongwa. Kashika swichi ya kuchagulia moto, ile yenye vichoro vya mistari — wa juu, wa chini, au yote miwili — kaichomoa kwa bisibisi. Kaitazama kwa nyuma.

"Nani kaibandika hii, mama?"

Gundi ya viatu. Mimi! Mwezi uliopita ilichomoka nikisafisha, tundu lake limelika, nikaibandika kwa kukadiria. Imekaa pembeni hatua moja. Siku zote hizi naelekeza kwenye mistari miwili, oveni inawasha wa juu peke yake.

"Umeme hauna kosa, mama."

Baba Watoto hakucheka. Afadhali angecheka. Kanivutia kiti, kanipa simu. "Haya, mwandishi."

Miaka yote gazetini sijafuta hata koma. Na wale mafundi wana watoto wanaojua kusoma. Ukurasa unafungwa saa kumi na moja. Sasa ni kumi na nusu. Nimepiga mara tatu. Kijana wa zamu anasema mhariri yuko kikaoni. Kikao gani Ijumaa jioni! Mara ya nne inaita tu.

Mhariri — nawe wa zamu, unayeongea na simu huku unatafuna — itoeni makala ile. Msinipunguzie makali, msinichomekee "inadaiwa". Itoeni yote. Pale itakapobaki nafasi, wekeni jina langu, na chini yake: nilikosea. Kwa herufi zilezile kubwa. Pokeeni simu!