Feni Iliyonyamaza

Jumamosi, jioni. Upepo wa leo umebeba vumbi na nyuzi za pamba kutoka kwenye malori. Zimenasa kwenye neti ya dirisha, kwenye nywele, hadi kwenye chai. Sijala tangu asubuhi.

Nimemponza mtu.

Mimi ni karani kwenye karakana ya kutengeneza mizani za kidijitali hapa Bariadi. Napokea mizani, naandika kasoro, napokea simu. Meza yangu inatazamana na ya fundi Masanja, na katikati yetu ipo skopu, mashine yenye kioo kidogo inayochora mwendo wa umeme ili fundi aone mizani imekufia wapi. Ni hiyo moja tu. Feni yake ya kupoozea ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga.

Kwa kelele hizo, kwenye simu nilikuwa namwomba bosi arudie kila kitu. Siku moja akasema, "Karani, ukiniambia hujasikia mara nyingine, utakwenda kusikilizia kwenu."

Sikulala vizuri baada ya hapo.

Masanja alipokwenda msibani Ipililo, nilisoma mtandaoni namna ya kutuliza feni. Nilichomoa waya, nikapiga picha kila skrubu kabla ya kuifungua. Nikatoa vumbi kwa brashi, nikadondosha tone la mafuta ya cherehani. Bado ilitetemesha bati la mashine. Maelezo yalisema niweke mpira laini kati ya feni na bati. Mpira sikuwa nao. Pamba ilikuwepo, kama ilivyo kila mahali huku. Tunajazia mito, tunazibia matundu. Nikasokota vipande vinne, nikavibana kwenye pembe nne za feni.

Ikanyamaza. Nilijiona mwerevu sana.

Masanja aliporudi aliinamisha sikio. "Ng'wanawane, nani kailaza hii?" Huniita hivyo, kama mtoto wake. Nikamwambia labda imechoka kubishana naye. Akacheka.

Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Jana mchana tulisikia harufu ya plastiki inayoungua. Kipande kimoja kilikuwa kimechomoka kikavutwa kwenye mapanga, feni ikasimama, na hakuna aliyejua mpaka skopu ikaungua. Feni iliyotulizwa na feni iliyokufa zina kimya kimoja. Masanja kwa miaka yote ameijua mashine ile kwa sikio, na mimi nilikuwa nimemziba sikio.

Leo bosi alikuja. Mizani zilizoletwa kutoka Kasoli zimejaa sakafuni na ununuzi wa pamba unaanza wiki ijayo.

"Masanja, umekaa mbele ya skopu siku nzima. Ulikuwa unangoja ikuite jina?"

"Sikuisikia, bosi."

"Basi nenda ukapumzishe hayo masikio. Jumatatu natafuta fundi anayesikia."

Kisha akaniambia niandike kwenye daftari: uzembe wa fundi. Nikaandika. Kwa mwandiko mzuri, bila kufuta.

Bosi alipoondoka, Masanja alikusanya bisibisi zake. Skopu ilikuwa wazi mezani kwake. Akachomoa kipande kimoja cha pamba kati ya vilivyobaki kwenye pembe, bado kimeviringika kama nilivyokisokota, akakigeuza kwenye mwanga. Akaja akakiweka juu ya daftari langu.

"Hili si vumbi, ng'wanawane."

Hata hakukasirika. Nilimsikia akiwaaga majirani wa nje, mmoja mmoja, kama siku zote.

Angeweza kumwonyesha bosi. Mpaka sasa sijui kama alinihurumia au ananingoja.

Nikisema, nitafukuzwa. Mama ameshawatangazia wanakwaya wenzake kwamba mwanawe anafanya kazi ofisini. Lakini watu wanatoka Maswa wakimuulizia Masanja kwa jina. Mimi hakuna anayeniulizia.

Mchana wote nimetafuta maneno yatakayoeleza bila kunitaja. Hayapo.

Pamba ile ninayo hapa, kando ya simu. Ni nyepesi mno, nikiipulizia tu inaviringika. Jumatatu nataka niiweke mbele ya bosi kabla hata sijamwamkia, maana nikianza na salamu, najijua, nitaishia kwenye salamu.