Jani Halina Mikono

Katumba Songwe,
Kyela.
12 Novemba 2024

Mpendwa dada Anyisile,

Shikamoo dada. Tabora mnaionaje? Kile kifua kimepona? Na Kasian, bado anakataa uji? Huku tu wazima. Adela ameota meno ya chini. Ananiuma nikimnyonyesha, halafu anacheka.

Mvua bado. Mto Songwe umepungua mpaka mawe yake yanaonekana. Ndiyo maana leo habari yangu ni ya kakao.

Unakikumbuka kipande cha nyuma ya migomba alichotupatia baba mkwe, tukapanda miche kwa ajili ya shule ya Adela? Kila mchana majani yalilegea kama matambara. Baba mkwe akapita saa saba jua kali, akatangaza Jumamosi anaing'oa, apande mihogo. Mimi nilikuwa naiona jioni inainuka, na maneno yako ya Krismasi ninayo: jani lina vitundu, stomata, hujifunga maji yakipungua. Lakini ningemwambiaje? Nyumba hii bado inashika mwiko wetu, mkamwana hasemi na baba mkwe wala hatazamani naye. Nikamtuma mama mkwe amwambie miche haifi, imefunga milango yake tu.

Jibu likarudi: “Mwambie mwalimu wa migombani, jani halina mikono. Mlango linaufungia nini?”

Swali hilo lilinikaa, dada. Nikakumbuka ulivyonieleza: kando ya kila kitundu kuna vijifuko viwili. Ukuta wa kila kijifuko ni mnene upande wa kitunduni, mwembamba upande wa nje, na nyuzi zimeuzunguka kama pete. Maji yakijaa, kijifuko hakiwezi kunenepa, kinarefuka tu. Ukuta mnene unagoma, basi kinapinda na kitundu kinafunguka. Maji yakipungua, kinalegea na kufunga.

Wajua mume wangu, Lameck, anaziba pancha za baiskeli njiapanda. Nikamwomba mipira miwili ya zamani, ile ya ndani ya tairi. Akakata vipande virefu, akabandika viraka mfululizo upande mmoja, akavizungushia kamba za mpira, kisha akavifunga pamoja kwenye ncha, viraka vikitazamana. Mama mkwe akampelekea mzee na pampu. Mimi nikabaki nyuma ya migomba, Adela mgongoni.

Mzee akajaza upepo. Kimoja kikapinda huku, kingine kule, katikati pakaachama kama mdomo. Akatoa upepo, ukafumba. Akajaza tena, na tena.

“Baba Lameck, utaumaliza upepo wa Kyela!” mama mkwe akamtania.

“Niache. Kumbe kazi yote ni ya ukuta!” Alisema kwa sauti ya kunifikia.

Lakini Jumamosi ya kung'oa ikafika. Asubuhi nikasikia jembe lake. Kuchungulia, namwona anachimba vibeseni kuzunguka miche, anatandaza majani makavu ya mgomba ili udongo usikauke. Sijui kama yote itapona, ila iliyo mingi imeanza kutoa majani mekundu machanga.

Ile mipira ameitundika ukumbini. Mama mkwe akiuliza inakaa pale ya nini, anajibu ni ya Adela, ataondoka nayo siku ya kwanza ya shule.

Ndaga fijo, asante sana dada, kwa somo lako. Msalimie shemeji Ebenezer, mbusu Kasian. Mama anawakumbuka kila sala. Mungu awatunze, awape ninyi na sisi maji kabla hatujalegea.

Mdogo wako akupendaye kila siku,
Tulinagwe (Mama Adela)