Jiwe Mulilokatazwa Kugusa

Mujukuu wangu Baraka,

Hapa Birere tuko wazima, ni mugongo tu unaonisumbua. Picha za pango mulilolipia kuingia zimenifikia. Unauliza kama nimeshaona mawe yanayoning'inia vile. Kuona, hapana, na nakuonea wivu mubaya sana! Wakati wa vita tulijificha ndani ya pango, kule Munigi, na kuwasha taa kulikatazwa, askari wasituone. Wewe umewashiwa mataa ya rangi. Mimi mawe yale niliyajua kwa kupapasa.

Lakini unasema muliambiwa musiguse. Basi na wewe unionee wivu kidogo. Papa yako, wakati ule mutoto mwenye kiu, nilimunyanyua katika giza, akanyonya maji kwenye ncha ya jiwe mpaka akasinzia.

Nyanya yako