Meza Niliyonyimwa na Mwanangu

Kamina, nyuma ya stesheni ya reli
Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Matthias,

Wakomapo, mwana wa mama. Najua huko Ndola hakuna wa kukusalimu kwa Kiluba, basi itika mwenyewe, "Eyo vidye," nami huku nitahesabu kwamba nimesikia. Hujambo wewe? Laetitia, mke wako, hajambo? Mgongo umeacha kumsumbua? Na Gaston wenu, bado anasukuma sahani ya bukari, ugali wetu wa mihogo, kama mzungu, au njaa imekwisha kumfundisha adabu?

Sisi huku tuko. Mvua zimeanza, na lile vumbi letu jekundu limekuwa tope jekundu. Wenye pikipiki za taxi-moto wanatupaka mpaka kwenye kitenge cha kichwani. Mume wangu Timothée anakohoa asubuhi, lakini kwaya hajaiacha. Mimi magoti yananung'unika, na nimeyaambia yangoje zamu yao.

Barua yako Kapenda aliniletea mkononi siku aliposhuka kwenye treni kutoka huko kwenu. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Ndugu yangu, uliiandika kwa hasira. Unasema damu ni nzito kuliko maji, unasema Lise amekula vitabu akasahau ziwa lililomnyonyesha, na unataka nimwite mbele ya wakubwa wa ukoo aombe msamaha kwa kuninyima mimi mama yake meza ya kuuzia samaki. Najua aliyekupa habari ni Kapenda huyo huyo. Kapenda ni mtu mwema, mtoto wa baba yetu mkubwa, simtukani. Ila habari yeye huianza mkiani. Ngoja nikupe kichwa chake.

Unajua mahali ninapouzia samaki wangu wakavu wa Kinkondja: njiani, nje ya soko, chini ya hema ya plastiki. Jua likiwaka tunapikika, mvua ikinyesha samaki wanarudia maji yao. Mwaka huu mji ukajenga ukumbi mpya wa samaki. Paa la mabati, meza za simenti, bomba la maji. Meza zikawa chache, sisi tukawa wengi, basi ikachaguliwa komite ya kugawa. Na nani akatiwa kwenye komite? Lise wangu, kwa sababu anafanya kazi katika ofisi inayosimamia masoko na anajua kuandika vizuri.

Matthias, nilifanya sherehe moyoni. Nilikwenda ukumbini kabla ya simenti kukauka, nikachagua meza iliyo karibu na bomba, nikaipima kwa kitenge changu. Nikawaambia bamama wote, "Hii ni ya Mama Lise." Tena, kwa kiburi changu, ile nafasi yangu chini ya hema nikampa Mama Lumbala, jirani yangu, apanue biashara yake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, najua, usiniambie.

Siku ya kugawa tulikusanyika ukumbini. Mzee Mukalay ndiye prezida wa komite. Akatusomea sheria ya watumishi wa serikali: mtu wa komite akiwa na ndugu kati ya wanaoomba meza, aseme mbele ya watu wote, na jina hilo likifika atoke nje wenzake waamue. Na meza ikiombwa na wengi, majina yapigiwe kura ya kuokota. Kisha akaanza yeye mwenyewe. "Minyi siko na muntu humu," akasema, akakaa. Na Ndaya, mtoto wa baba yake mdogo, alikuwa amekaa karibu nami, naye anangoja meza, anamnyonyesha mtoto. Tukatazamana. Wengine wa komite wakafanya vile vile. Mmoja akamtaja mke wake tu, tena kwa sauti ndogo.

Lise akasimama. Akanitaja mimi. Akamtaja mama yake mdogo. Akawataja watoto wa dada za baba yake, wajukuu wa baba yetu mkubwa, na mke wa Kapenda, ambaye naye alikuwa ameomba meza. Aliendelea mpaka watu wakaanza kucheka. Hata mimi nilimvuta shati kwa macho: kaa, mtoto, kaa.

Mzee Mukalay naye akacheka. "Bale ni ma-cousins tu, haiko bandugu. Ukihesabu vile, nani atabakia kufanya kazi mu Kamina?"

Lise akamjibu polepole, kwa heshima, mikono nyuma. "Papa Prezida, siku tuko na kilio, ni bantu gani banalala na siye pa mukeka? Bale njo bandugu yangu."

Bamama wakaitikia kwa vichwa. Maana ni kweli, mwana wa mama. Karatasi za Kifaransa zinajua baba mmoja na mama mmoja, lakini sisi tunajuana msibani. Aliyelala chini nawe kwenye mkeka wa kilio, siku ya kugawa hawezi kuwa mtu baki. Mzee Mukalay alipangusa miwani yake, ingawa haikuwa na kitu.

Basi kazi ikaanza, na mtoto wangu akawa mtu wa kukaa nje. Jina la ndugu likitajwa, anatoka, likipita, anarudi. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nikajiambia, nimelipa shule miaka yote ile ili mtoto akae nje juani pamoja na mbuzi.

Likafika jina langu. Lise yuko nje. Na Mzee Mukalay, bila kuuliza mtu, akasema Mama Jeannine apewe meza ya karibu na bomba. Nadhani alitaka kumfunga Lise mdomo kwa asali. Mimi sikujali ni asali ya nani. Nilikwisha kusimama nikashukuru, nikaanza kupokea mikono ya watu.

Lise akarudi ndani, akaona nimesimama nacheka. Akauliza kimetokea nini. Wakamwambia. Akaniangalia, kisha akamgeukia Mzee Mukalay. "Ile meza iliombwa na bamama bengi. Juu ya nini jina ya mama yangu haikupita mu kura?"

Hapo ndipo Kapenda, aliyekuwa ukumbini na mke wake, aliposikia kwamba Lise alimnyima mama yake. Na mimi sitakudanganya: siku ile nilisikia hivyo hivyo. Kama kungekuwa na shimo ningeingia. Kamba iliyonishika nisimpigie kelele mbele ya watu ni ile ya kanisa tu.

Sasa sikiliza Kapenda alipoacha kusikiliza, kwa sababu alitoka na hasira akaenda zake. Ndaya alisimama, mtoto bado yuko ziwani, akasema, "Na minyi ni dada ya Papa Mukalay. Baba zetu ni tumbo moya. Kama Mama Jeannine anaingia mu kura, minyi pia muniingize." Alikuwa ameshapewa meza asubuhi ile, Matthias, na aliirudisha mwenyewe. Kisha mke wa yule mwenye sauti ndogo naye akasimama. Kisha mwingine. Mzee Mukalay akavua kofia yake, na nadhani alishukuru kupata kitu cha kufanya na mikono. Tukaandika majina kwenye vifuniko vya chupa kwa makaa, tukavitia katika kofia hiyo, na mtoto wa Ndaya akavutwa mkono achague. Meza ya karibu na bomba ikamwangukia mjane mmoja aliyetoka Bukama, mtu ambaye hana hata shemeji hapa mjini. Alilia mpaka tukamshika. Mimi kifuniko changu kilibaki ndani ya kofia mpaka meza zikaisha.

Nyumbani sikumsemesha Lise. Nilimpikia, mama ni mama, lakini sahani niliiweka kwa kishindo. Timothée alikula bukari yake mpaka mwisho, akanawa, ndipo akasema, "Mama Lise, weye njo ulimutuma ku masomo. Ulifikiri atarudia na nini?" Nilimwambia alale.

Ikabidi nirudi kwa Mama Lumbala kumwomba anisogezee nafasi kidogo chini ya ile hema niliyompa mwenyewe kwa majivuno. Alinisogezea, akacheka wiki nzima. Mvua kubwa ya kwanza ikanikuta pembeni kabisa, gunia zima likalowa. Nililia kweli. Lise akatoka kazini. Alivua viatu vya ofisi, akachuchumaa jikoni kwenye moshi, akawageuza wale samaki mmoja mmoja mpaka wakakauka. Nilitaka kubaki na hasira yangu, lakini ilikuwa imechoka.

Sokoni nako mambo yakageuka. Bamama wakaanza kuniita Mama Kura. Mwanzoni niliona ni matusi. Kisha nikatambua wanavyoliita: wananipisha njiani, wananiletea ugomvi wao wa mizani niuamue. Bibi mmoja kutoka Kinkondja, anayetuletea samaki, alinishika mkono akasema amekuja kumwona mwanamke aliyemzaa yule msichana. Nikaunyoosha mgongo, Matthias. Nikasahau magoti.

Sasa jambo ambalo Kapenda hawezi kukuambia, kwa sababu limetokea juzi. Mji unaongeza upande wa pili wa ukumbi, meza nyingine. Bamama wote, wenye meza na wasio na meza, walikwenda ofisini kuomba Lise awe prezida wa komite mpya. Hata Mzee Mukalay alitia sahihi yake, na nasema asante kwake, maana kumwachia mtoto kiti si kazi ndogo. Lakini ofisi sasa imeweka kanuni: kwa ndugu wengine utatoka nje, bali ukiwa na mzazi, mume au mtoto anayeomba meza, huwezi kuongoza kabisa. Lise akajibu mara moja kwamba mama yake ataomba, na ni haki yake kuomba, basi watafute mtu mwingine. Hakuniuliza. Hakunilaumu hata kwa jicho.

Nilikaa na neno hilo usiku mmoja. Asubuhi nilijifunga kitenge kizuri, nikaenda mbele ya bamama wote, nikasema, "Jina yangu mulitoshe, mulifute. Siombi meza tena, leo wala kesho, maadamu mutoto wangu iko mu ile kiti. Nitauzisha pale njiani. Yeye akae ndani."

Lise alikuwa mlangoni. Alifunika uso kwa mikono kama alipokuwa mdogo.

Basi, ndugu yangu, usiite wakubwa wa ukoo. Ukikutana na mtu kwenye treni akakuambia binti wa Jeannine alimnyima mama yake meza, mjibu kwamba mara ya kwanza ni kweli. Mara ya pili nimejinyima mwenyewe, na sijawahi kuwa tajiri kama siku hiyo.

Nisalimie Laetitia kwa mikono miwili, na Gaston mwambie shangazi yake anamwekea samaki mnono. Timothée anakusalimu, anauliza lini utakuja kuimba naye. Lise anamsalimu mjomba wake. Barua yako hakuiona, na mimi nimeshaiwashia moto wa jiko.

Vidye Mukulu awalinde huko mliko, awape kazi safi na usingizi wa mtu asiyemwogopa mtu.

Ni mimi dada yako nikupendaye tangu mgongoni kwa mama,
Jeannine, Mama Kura