Dizeli ya Alhamisi

Jumatatu, 7 Julai 2025
Saba Saba. Kokuhirwa, mjukuu wangu, amefika hapa Nyanga na basi la Dar. Amekonda – vyuo vinawakondesha. Anapima moshi wa meli za ziwa letu! Dizeli kiasi gani inaungua, hewa chafu kiasi gani inapanda. Anasema hesabu za zamani hakuna aliyeziandika. Nikamwambia yupo, anakula naye ndizi. Miaka kumi na saba nilikuwa fundi mashine wa meli ya mizigo, Kemondo kwenda kisiwa cha Bumbire na kurudi. Kila safari natumbukiza kijiti kwenye tangi, kuondoka na kurudi, naandika lita zilizotumika. Herufi zinanisumbua. Tarakimu haziniwezi! Nimemtolea madaftari tisa toka chini ya kitanda. Ameyakumbatia kama mtoto mchanga. Nikajifanya natafuta miwani.

Jumatano, 9 Julai
Tumebishana. Eti lita moja ya dizeli inatoa hewa ya kaboni kilo mbili na nusu na zaidi. Mawe! Lita yenyewe haifiki kilo. Nimebeba madumu maisha yangu yote, leo nifundishwe uzito? Akasema, Babu, mafuta yakiungua yanashikana na hewa ya nje, uzito mwingine ni wa hiyo hewa. Nikasema hewa haina uzito. Akacheka mpaka akalala kwenye mkeka. Anacheka kama marehemu Consolata, mke wangu. Nikaendelea kubisha makusudi, acheke tena.

Ijumaa, 11 Julai
Hesabu yake imegoma. Anachukua saa za mashine na mwendo, kompyuta inampa lita 160 kwa safari. Madaftari yangu yanakubali – siku zote ila Alhamisi. Alhamisi lita 200. Kila Alhamisi! Akauliza, siku hiyo mlibeba nini? Nikasema mawimbi. Akasema, Babu, ziwa lina kalenda? Nikamfokea. Nikaenda kwenye migomba kukata majani makavu. Nilishayakata jana.

Jumamosi, 12 Julai
Mgongo. Siandiki.

Jumapili, 13 Julai
Baada ya ibada, pale nje ya kanisa, Kokuhirwa amewatangazia wazee kwamba babu yake ndiye kipimo cha ziwa zima. Kahigi, aliyekuwa karani bandarini, akarusha dongo: Huyu? Huyu kazi yake ilikuwa kunusa dizeli! Mtoto akamjibu, Shikamoo babu, ila madaftari hayanusi. Nimetembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Halafu kwenye chakula akasema amepata dawa. Atabadilisha hesabu yake ifuate madaftari yangu. Kesho anampelekea mwalimu wake, na kwa hesabu hiyo watapima meli zote za zamani. Wewe huwezi kukosea, Babu, akasema.

Sikukosea. Ndiyo shida. Kijiti kilisema kweli, mafuta yalitoka tangini. Ila hayakuungua kwenye mashine yetu. Madumu mawili ya lita ishirini, kila Alhamisi, kwa Mayenga, mchuuzi wa samaki kule Bumbire. Alikuwa na jenereta. Ananipa sato wawili, wakubwa. Consolata alipenda kichwa cha sato. Alikuwa akiwaambia majirani: mume wangu akinunua samaki hanunui wadogo.
Akinunua!

Jumatatu, 14 Julai
Tangu kulipopambazuka nimekaa na kalamu nyekundu. Nazungushia Alhamisi. Nimefika daftari la tano akanikuta – Babu, unaniharibia data! Nikamwambia kaa. Nikamsogezea kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Nikasema yote. Mayenga, madumu, sato. Nikasema hesabu yako ilikuwa sawa, usiiguse. Mashine yangu haikuwa na ulafi, hakuna mashine iliyotunzwa vile ziwa hili zima! Ulafi ulikuwa wangu.

Hakulia, hakucheka. Akafungua kompyuta, akapunguza lita arobaini, Alhamisi moja moja. Mstari kwenye kioo ukanyooka. Akatafuna punje moja. Kisha, bila kunitazama, akauliza taratibu:

Bibi alijua?

Nimeshika daftari hili nijifanye naandika jambo la haraka. Amenisogezea kikapu karibu na mkono. Bado anangoja.