Matanga ya Waiswa Wawili

Mama yangu mpendwa, Nabirye, mama wa mapacha,

Nakusalimu kwa heshima kutoka huku Somalia. Goti limepoa? Mimi ni mzima, na safari hii neno hilo naliandika kwa uangalifu, maana najua mlikwisha kunililia siku mbili. Naandika kwa Kiswahili chetu cha kambini, kilekile ambacho baba, askari kijana, alikuposea kule Mbale ulipokuwa hujui Lusoga hata neno.

Pacha wangu Tenywa amenisimulia yote kwa simu. Habari ilifika nyumbani Buwenge kwamba Waiswa amekufa vitani. Nani angeuliza ni Waiswa yupi, wakati kila nyumba ya Wasoga yenye mapacha humwita hivyo mvulana wa kwanza? Moto wa matanga ukawashwa, kaburi likaanza kuchimbwa, na baba mdogo akanisifu eti nilipenda jembe. Mimi! Kumbe mtu akifa hata uvivu husamehewa.

Nilipopiga simu, watu walipiga vigelegele, wakataka kuchinja. Wewe uliniuliza jambo moja tu: huyo mwingine kwao ni wapi? Kisha, anasema Tenywa, ukawageukia.

“Acha kelele. Kama si mutoto yangu, ni mutoto ya mwanamuke mwingine. Pakia kuni na chakula yote, twende kwake.”

Mkapanda lori, mkapita Jinja, mkamkuta mama wa marehemu habari imemfikia asubuhi ileile, hana hata wa kumwashia moto. Ukalala naye chini siku nne. Mama, huku nimeona watu jasiri, lakini kitu kama hicho sijakiona. Nakustaajabia hadi nakuogopa, kana kwamba sikunyonya kwako.

Nasikia umesema nikija nianzie kwake, kwani sasa naye ni mama yangu. Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku aliyouawa mwanawe, zamu ya ulinzi ilikuwa yangu. Nilikuwa na malaria, na Waiswa mwenzangu akaniambia, “Lala wewe. Jina ni moja, afande hajui tofauti.” Nilicheka, nikalala.

Nisalimie Tenywa, mkewe aliyepika matangani, na baba mdogo, msifu wangu. Likizo imetoka, nakuja mwezi ujao, na nitaanzia kwake kama ulivyosema. Lakini naomba nikukute umeketi naye, Mama. Nikishamwambia, sijui kama atataka tena kuwa mama yangu.

Mwanao,
Waiswa